Sura ya Mfalme Juu ya Sarafu

Watu wengi hudhani kuwa kuhakiki ni kazi ya mashairi na hadithi tu. Twasoma kitabu, twasema hapa mwandishi amefaulu, na hapa ameteleza. Lakini iko kazi moja ya sanaa ambayo kila mmoja wetu ameishika mkononi mara nyingi zisizo na hesabu, wala hajapata kuihakiki, nayo ni sarafu. Sarafu ina mchoro, ina maandishi, ina mtu aliyeiagiza, na ina watu waliokusudiwa kuiona. Tena ina jambo moja ambalo vitabu havina: msomaji wake hana hiari. Mtu asiyependa shairi hufunga kitabu akaenda zake. Asiyependa sura iliyo juu ya sarafu atanunua chumvi kwa kitu gani?

Katika insha hii nataka tuzitazame sarafu za dhahabu za Makaisari wa Rumi, kisha tuziweke kando ya zile zilizopita katika mikono ya wazee wetu hapa Kisumu na ufuko wote wa ziwa. Msomaji asistaajabu kwamba navileta pamoja vitu vilivyo mbali hivi. Atakapofika katikati ya insha ataona kuwa havikuwa mbali sana.

Sarafu ya dhahabu ya Warumi iliitwa aureus. Zama za Augustus, aliyetawala toka mwaka 27 K.K. hata mwaka 14 B.K., uzito wake ulikaribia gramu 8, na thamani yake ilikuwa dinari 25 za fedha. (Neno dinari lenyewe ni la Kirumi, Waarabu walilichukua, nasi tukalipokea kwao.) Askari wa kawaida alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani aureus 9 tu. Basi dhahabu haikuwa fedha ya kununulia mboga. Ilipita mikononi mwa maakida wa jeshi, wafanyi biashara wakubwa na watu wa hazina. Hao ndio waliokuwa wasomaji wa kwanza wa picha zake, na Kaisari alijua vema kwamba hao wakimwacha mkono amekwisha.

Tuanze na upande wa uso. Augustus alikufa akiwa na umri wa karibu miaka 76, lakini katika sarafu zake hakuzeeka hata siku moja. Shavu ni laini, shingo imenyoka, nywele zimelala juu ya paji la uso kama za kijana. Mchongaji alikuwa hodari kweli, na mimi nikiitazama kazi yake husifu mkono wake. Walakini siamini macho yake. Huyu si mtu, ni wazo la utawala usiochoka. Miaka zaidi ya 50 baada ya kufa kwake akaja Vespasian, mtu wa vita, asiyetoka katika nyumba ya kifalme. Yeye alikubali kuchongwa jinsi alivyo: upara, shingo nene kama ya fahali, makunyanzi kando ya kinywa. Wako wasemao kuwa hii ni sanaa ya kweli na ile ya Augustus ni ya uongo. Nami sikubali upesi hivyo. Makunyanzi nayo yana shauri lake. Yalisema: mimi si kijana mpumbavu kama Nero, mimi ni mzee niliyefanya kazi. Uso usiopambwa waweza kuwa pambo lililo bora kuliko yote.

Ugeuze upande wa pili, ndipo mambo yanapozidi. Kati ya mwaka 28 na 27 K.K., baada ya Cleopatra kushindwa na kufa na Misri kutwaliwa, Augustus alitoa sarafu za fedha na za dhahabu zenye picha ya mamba mmoja na maneno mawili ya Kilatini, ambayo maana yake ni "Misri imetekwa". Hapana jeshi, hapana merikebu, hapana malkia. Mamba peke yake.

Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi wangu wa ualimu picha ya sarafu hii, bila ya kuwaambia chochote. Wengi ni watoto wa ziwani, na mamba huyu wanamjua, kwa kuwa ni jinsi ile ile iliyoko kwetu, na maji yanayotoka katika ziwa letu pale Jinja ndiyo yanayokwenda hata Misri. Walimsifu mchongaji kwa magamba na mkia. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini hakuchorwa mtu?" Swali hilo ndilo uhakiki wenyewe. Misri ilikuwa na wakulima, makuhani, waandishi na wavuvi. Mchongaji aliwaweka wote kando akatwaa mnyama. Mnyama hana mjane wala yatima. Mtu akimtazama mamba aliyetekwa haoni haya, huona ushujaa wa mwindaji. Baadaye, katika sarafu za shaba za mji wa Nemausus ulioko kusini ya Ufaransa ya leo, mamba yule alionyeshwa amefungwa mnyororo katika mtende, na hapo sanaa ikashuka, maana lililokuwa linadokezwa sasa linapigiwa kelele.

Vespasian naye hakujificha nyuma ya mnyama. Mji wa Yerusalemu ulipoangushwa katika mwaka 70, dhahabu yake ilionyesha mateka ameketi chini, ameinama, na juu yake silaha zimetundikwa kuwa alama ya ushindi. Kwa ustadi wa mpango, picha hii ni bora sana: mstari wa mgongo wa mateka wajipinda sawasawa na duara ya sarafu, hata macho hayapati pa kutokea. Lakini hebu fikiri juu ya taifa zima lililokunjwa likatiwa katika duara isiyofika upana wa kidole gumba na nusu yake, kisha likapitishwa sokoni miaka na miaka. Namsifu aliyechonga, na papo hapo namwogopa. Sioni sababu ya kuchagua moja.

Nero ni habari nyingine. Katika mji wa Roma palikuwa na hekalu la Janus, na desturi ilikuwa kwamba milango yake ifungwe wakati wa amani tu. Nero alitoa sarafu, za dhahabu zikiwamo, zenye picha ya milango hiyo imefungwa, na maandishi ya kutangaza kwamba amani imepatikana katika nchi kavu na baharini. Mchoro ni safi, kila ubao wa mlango waonekana. Lakini katika mwaka 66 Wayahudi waliasi, na katika mwaka 68 Nero mwenyewe alijiua huku majeshi yake yakimgeuka. Tena liko jambo ambalo jicho halilioni ila mizani. Katika mwaka 64 Nero aliipunguza dhahabu: ratili moja ya Kirumi, iliyokuwa ikitoa sarafu zisizozidi 42 au karibu na hapo, sasa ikakatwa ikatoa 45. Kwa hiyo picha ilizidi uzuri na sarafu ikapungua uzito. Naomba msomaji alishike neno hili, tutakutana nalo tena karibu na nyumbani.

Kabla ya hapo nisiwasahau Waaksum. Katika karne ya tatu, mfalme wao Endubis alipiga sarafu zake za dhahabu huko kaskazini ya Ethiopia ya leo, akiufuata uzito wa Warumi na kutumia maandishi ya Kiyunani. Basi mtu asiseme kwamba Afrika ilipokea tu sarafu za wengine. Jambo linalonipendeza katika sarafu hizo ni kwamba mfalme hakuzungukwa na mateka, bali na mashuke mawili ya nafaka, moja huku na moja huku. Na sultani Ali bin al-Hasan wa Kilwa, aliyepiga sarafu za shaba, hakutia sura yoyote. Alitia maneno, nayo yana vina. Hiyo ni njia nyingine kabisa ya kuongea na watu, na ingestahili insha yake yenyewe.

Sasa tuje kwetu. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba, 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandikaji wa reli. Pamoja na reli zilikuja rupia za India. Tayari katika mwaka 1897 serikali ya himaya ya Afrika ya Mashariki ilikuwa imetoa pesa za shaba zenye kichwa cha Malkia Victoria. Malkia huyo hakupata kuliona ziwa tunaloliita Nam Lolwe, hata hivyo jina lake liliandikwa juu ya ziwa, na juu ya bandari ya Port Victoria kule Bunyala, na sura yake ikatiwa mfukoni mwa watu ambao hawakuwa na mifuko. Kisha watu wakaambiwa kwamba kodi ya nyumba italipwa kwa vitu hivyo. Kila mtu aliyesoma Injili aijua habari ya dinari iliyoletwa mbele ya Yesu, na swali lake juu ya sura iliyo juu yake. Swali lile lilihusu kodi. Sura na kodi zilikuwa pacha tangu zamani.

Na Kilatini? Kilikuja pia. Chukua shilingi ya mwaka 1921, ile yenye simba. Upande wa uso ni Mfalme George wa Tano mwenye taji, na kumzunguka yameandikwa maneno ya Kilatini, na mwisho wake herufi tatu: IMP. Herufi hizo hizo zilikuwa juu ya dhahabu ya Augustus. Ni kifupi cha "imperator", jemadari mshindi, na hapa maana yake mfalme alikuwa Kaisari wa India. Mvuvi wa Dunga aliyeuza samaki wake kwa shilingi moja alikuwa ameshika cheo cha Augustus katika kiganja chake, kwa lugha ambayo yeye hakuijua, wala aliyemlipa hakuijua. India ilipopata uhuru wake mwaka 1947, herufi hizo ziliondolewa, na sarafu za mwaka 1948 hazina tena IMP. Dola nzima ilijiondokea kimya kimya ukingoni mwa shilingi.

Simba wa upande wa pili amesifiwa sana, na nadhani kwa haki. Amesimama ubavu, milima nyuma yake, hana mnyororo wala mshindi. Ukimlinganisha na mamba wa Augustus utaona kwamba hapa hakuandikwa kushindwa kwa mtu yeyote. Lakini mhakiki asilale. Simba ni mnyama wetu, na ni alama ya Waingereza vile vile; basi simba huyu ni wa nani? Naona mchongaji aliliacha swali bila jibu, kwa makusudi au kwa bahati, na ndiyo maana kila mtu aliweza kumpenda.

Ila twende kwenye mizani, kama tulivyofanya kwa Nero. Rupia ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na karibu yote ilikuwa fedha halisi. Katika mwaka 1920 ilibadilishwa kwa florini, na baadaye florini moja ikawa shilingi mbili. Shilingi ile ya simba ilikuwa na uzito wa gramu 7.8 hivi, ambao ndio uzito wa aureus ya Augustus, lakini robo yake tu ndiyo iliyokuwa fedha. Piga hesabu mwenyewe: shilingi mbili zina fedha isiyofika gramu 4, na rupia iliyochukuliwa ilikuwa na zaidi ya 10. Najua kwamba sarafu haipimwi kwa madini peke yake. Mwenye duka haulizi tena fedha iliyomo. Walakini mzee aliyezika rupia zake chini ya ghala, akaja akazifukua na kupewa simba badala yake, alikuwa na haki ya kulalamika. Katika miaka ile ile mishahara ilikatwa na kodi ilikuwa imepanda, na mwezi wa Desemba, 1921, watu walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaanzisha chama kilichoitwa Piny Owacho. Simba mzuri hakuwanyamazisha.

Mimi mwenyewe, katika sarafu zote hizo, napenda zaidi zile ndogo zenye tundu: senti moja, ndururu ya senti tano, na senti kumi ambayo Wajaluo waliiita otonglo. Zilitungwa kwenye uzi, zikavaliwa shingoni au kufungwa kiunoni. Katika senti tano na kumi, pembe za ndovu zimezunguka tundu, na upande wa pili kuna taji juu yake. Mahali pa kichwa cha mfalme pana hewa. Sababu ya tundu ilikuwa ya kazi tu, lakini sanaa mara nyingi husema kuliko ilivyotumwa. Mwaka 1936 ulikuja ukalithibitisha jambo hili. Mfalme Edward wa Nane alirithi kiti mwezi wa Januari na kukiacha mwezi wa Desemba, kabla ya kuvishwa taji. Sarafu zenye sura yake hazikupata kutumika Uingereza. Bali hapa Afrika ya Mashariki zilitoka senti tano na senti kumi zenye jina lake, kwa sababu hazikuhitaji sura. Taji ambalo hakulivaa lilikaa juu ya tundu ambalo lingekuwa kichwa chake, na watu walinunulia dagaa. Hakuna mshairi ambaye angethubutu kubuni kichekesho kama hiki.

Wajerumani nao walikuwa na dhahabu yao, ya pekee iliyopigwa nchini katika zama za ukoloni huo, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na aureus. Katika vita vya kwanza vya dunia merikebu zao zilizuiwa baharini, na sarafu zikawaishia. Kwa hiyo mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walipiga rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, kiasi cha vipande 16,000. Upande mmoja ni tai wa dola, mtoto wa tai wa majeshi ya Rumi, kama vile neno lao "Kaiser" lilivyo mtoto wa Kaisari. Upande wa pili ndovu ameinua mkonga mbele ya mlima. Tai ni baridi, manyoya yake yamepangwa kama mabati. Ndovu yu hai, waweza karibu kumsikia. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji. Leo watu hulipa fedha nyingi kwa kipande kimoja, na hukiita "ndovu wa Tabora". Hakuna akiitaye tai.

Uhuru ulipokuja, palikuwa na kitambo kifupi kisichoangaliwa sana na watu. Mwaka 1964 bodi ya fedha ya Afrika ya Mashariki ilitoa senti tano na kumi zisizo na taji wala jina la mfalme, pembe za ndovu zikabaki peke yake. Kisha katika mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake, na kichwa kikarudi: Mzee Jomo Kenyatta, na nyuma yake ngao ya taifa. Zilitolewa pia sarafu tatu za dhahabu, za shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha kuzaliwa kwake. Kwa miaka mitatu sarafu za kawaida hazikuwa na maandishi ya kumtambulisha, kana kwamba kila mtu amjua. Tangu mwaka 1969 ziliandikwa kumzunguka kwamba ni rais wa kwanza. Naona zile zisizo na maandishi zilikuwa bora. Baadaye ikaja sura ya rais wa pili, na mwaka 2005 ya kwanza ikarudishwa. Sisemi kwamba viongozi hao walijifanya Makaisari. Nasema kwamba duara ile ina desturi yake, na anayeingia humo huvaa desturi hiyo, apende asipende.

Katiba ya mwaka 2010 iliikata desturi hiyo, kifungu cha 231: sarafu na noti zaweza kuonyesha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Noti za mwaka 2019 zilionyesha jumba la mikutano la Nairobi na sanamu ya Kenyatta mbele yake, na wako waliokwenda mahakamani kuuliza kama sanamu ya mtu si sura ya mtu. Sarafu, zilizotangulia mwezi wa Desemba, 2018, hazikuleta ugomvi: shilingi ni twiga, tano ni kifaru, kumi ni simba, ishirini ni ndovu. Wamechorwa kwa adabu. Kama nina neno, ni kwamba wote ni wanyama wa mbugani, wale ambao wageni huja kuwapiga picha, nao watoto wa Kisumu huwaona juu ya shilingi zaidi kuliko kwa macho.

Siku ya mwisho ya somo lile nilileta darasani sarafu ya Uganda ya shilingi 200, ya chapa ya mwaka 1998, niliyopewa chenji Busia. Ina samaki. Niliipitisha kutoka dawati hata dawati, na safari hii hapana aliyeuliza kwa nini hakuchorwa mtu. Msichana mmoja aliyekaa dirishani alisema huyo ni ngege. Mwenzake akakataa, akasema kwamba ukitazama pezi la mgongoni ni fulu. Wakaigombania, wakaisogeza kwenye mwanga, wakaita na wengine waje waamue, na kengele ilipolia walikuwa hawajapatana.